Namba 60 kwenye boksi

Mezani ninapoandikia nimeweka ncha mbili za ripa, jembe la trekta linalopasua udongo mgumu. Zilinunuliwa siku moja, zikafungwa kwenye fremu moja, zikavutwa na trekta lilelile. Kabla hazijaingia shambani nilizivika zote ngozi ngumu kwa kuchomelea, kila moja kwa rodi za aina yake, na maboksi yote mawili ya rodi yalikuwa na namba ileile kwa maandishi makubwa: 60. Ncha ya kwanza bado ina umbo lake, na ukiipapasa unasikia mistari ya kuchomelea ilivyotuna. Ya pili imelika hadi karibu na tundu la bolti.

Nilikuwa nimenunua rodi za ile iliyolika kwa sababu zilikuwa za bei ya chini, na kwa sababu namba ilikuwa sawa. Kama ugumu ni uleule, nilijiambia, ya nini kulipa zaidi? Naandika haya kwa sababu bado nawaona wakulima na mafundi wakinunua rodi hizi kwa kutazama vitu viwili tu, bei na namba, na kila kimoja kikitazamwa peke yake kinapoteza watu.

Hiyo 60 ni ugumu kwa kipimo cha Rockwell C. Koni ndogo ya almasi hukandamizwa kwenye chuma kwa uzito maalumu, kisha hupimwa imezama kiasi gani. Ikizama kidogo, namba hupanda. Lakini koni ile, ndogo kama ilivyo machoni petu, hukandamiza eneo kubwa kuliko punje zinazokiunda chuma. Kinachoandikwa kwenye boksi ni wastani wa eneo lile, na mchanga haugombani na wastani. Mchanga hugombana na punje moja moja.

Fikiria zege. Ndani yake kuna kokoto na kuna saruji inayozishika. Ukiburuta kitu kigumu juu ya sakafu ya zege kwa miaka, saruji hulika kidogo, kokoto hubaki zimechomoza, na kuanzia hapo kokoto ndizo zinazobeba msuguano. Sasa chukua sakafu nyingine ya saruji tupu iliyokauka ikawa ngumu sana, bila kokoto hata moja. Unaweza kupata kipimo ambacho kwa wastani kinazipa sakafu zote mbili alama moja. Zikianza kutumika, zitaachana njia.

Rodi zangu za bei ya chini zilikuwa saruji tupu. Chuma chake ni kigumu chote kwa usawa, hali ambayo wataalamu wa metali wanaiita martensiti, ileile ya patasi iliyochovywa majini ikiwa nyekundu. Zile nyingine zilikuwa zege: ndani ya chuma chake mna punje za kabaidi ya kromiamu (kromiamu iliyoungana na kaboni), ngumu kupita kiasi, zimeshikwa na chuma laini zaidi kuliko zenyewe.

Tuuweke mchanga kwenye mizani hiyohiyo. Kwa kipimo kingine, cha Vickers, ambacho kinaweza kupima hata punje moja, chuma cha Rockwell 60 kinapata kama 700. Kwatsi, madini yanayozifanya chembe za mchanga zing'ae juani, hupata kati ya 1,000 na 1,200. Maana yake ni kwamba kila chembe ya mchanga inayopita juu ya ncha ya martensiti inaweza kuikwaruza, haidhuru boksi limesema nini. Punje za kabaidi ya kromiamu hupata 1,500 na zaidi. Hapo mchanga umekutana na mkubwa wake.

Basi kumbe ni kununua rodi za kabaidi na kumaliza kazi? Ndivyo nilivyofikiri msimu uliofuata, na hapo ndipo nilipopata hasara ya pili. Upande mmoja wa shamba langu una mawe ya ukubwa wa ngumi na zaidi, yamejificha chini kidogo ya pale jembe linapopita. Nilizivika ncha zote ngozi nene ya kabaidi, tabaka tatu, nikajivunia kazi yangu. Baada ya siku chache vipande vya ngozi ile vilianza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Vingine viliondoka na chuma cha ncha chini yake. Zege huvumilia msuguano, lakini ligonge kwa nyundo uone. Ile martensiti niliyoiona haifai kwenye mchanga ndiyo iliyofaa pale penye mawe, kwa sababu ina ukakamavu: hupigwa ikakubali kubonyea kidogo badala ya kupasuka.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei wala si namba. Ni hili: udongo wangu unaila ncha au unaipiga?

Jibu unalo tayari, liko kwenye rundo la vyuma vyako vilivyokwisha. Chukua ncha ya zamani, ioshe, itazame kwenye mwanga wa pembeni. Ikiwa imelainika, inang'aa kama kioo na ina mikwaruzo myembamba inayofuata mwendo wa udongo, basi iliyoila ni mchanga. Ikiwa ukingo umejikunja, una vishimo na mabonde, au pembe zimemeguka, imepigwa na mawe. Ncha nyingi zitakuonyesha vyote viwili, na hapo itabidi uamue kipi kilianza kuiua. Mimi naamini somo hili la kutazama chuma kilichokufa lina faida kuliko maelezo yoyote ya muuzaji, kwa sababu muuzaji hajawahi kulima kwenye udongo wako.

Swali la pili ni namna ya kuitambua rodi yenyewe, maana maboksi hayaandiki "mchanga" au "mawe" kila mara. Tafuta mchanganyiko wa madini, ambao kwa kawaida uko ubavuni mwa boksi kwa herufi ndogo, au muombe muuzaji karatasi ya maelezo. Kaboni ikiwa asilimia 3 hadi 5 na kromiamu asilimia 25 hadi 35, hiyo ni rodi ya kabaidi. Kaboni ikiwa chini ya asilimia 1 na kromiamu kama 6 hadi 9, hiyo ni martensiti. Kwenye maboksi yanayofuata utaratibu wa zamani wa Ujerumani, DIN 8555, utakuta E 10-UM-60 kwa kabaidi na E 6-UM-60 kwa martensiti. Umeona? 60 zote mbili. Inayosema ukweli ni ile 10 au 6 iliyotangulia. Utaratibu wa Ulaya uliokuja baadaye, EN 14700, unaziita Fe14 na Fe8 kwa mfuatano huohuo. Boksi lisilo na mchanganyiko wala alama yoyote kati ya hizi, mimi silinunui hata likiwa la bei ya kutupa, kwa sababu sina njia ya kujua ninachoweka kwenye chuma changu.

Sasa bei. Lugha yetu hutumia neno moja, rahisi, kwa kitu cha bei ndogo na kwa kazi isiyosumbua. Kwenye rodi hizi neno hilo linatutega. Rodi ya kawaida ya 6013, ile ambayo kila fundi anayo, ni rahisi kwa maana zote mbili: bei ndogo, na inawaka bila taabu. Lakini chuma inachoacha ni laini kuliko ncha yenyewe, kwa hiyo ukiitumia kwenye ukingo unaokata udongo umeongeza uzito, hujaongeza maisha. Ina kazi zake, na hii si mojawapo.

Bei ya kweli hupatikana kwa hesabu ya hekta. Nitatoa mfano wa namba za kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme ncha mpya ina bei ya 10 na bila kuvikwa chochote inalima hekta 20. Kila hekta imekula 0.5. Ukiivika rodi ya martensiti ya bei ya 1, jumla ikawa 11, na ikalima hekta 26 kwenye mchanga, kila hekta imekula kama 0.42. Ukiivika kabaidi yenye bei mara tatu, jumla ikawa 13, na ikalima hekta 45, kila hekta imekula kama 0.29. Rodi ghali imekuwa ya bei ndogo. Sasa hamisha ncha hiyohiyo ya kabaidi uipeleke kwenye mawe, ngozi ibanduke mapema, ilime hekta 24 tu: kila hekta imekula 0.54, zaidi ya ile ambayo haikuvikwa kabisa. Na bado hatujahesabu dizeli ya trekta linalovuta ncha butu, wala nusu siku ya kufungua bolti zilizoshikana katikati ya msimu.

Kuna uvujaji mwingine mdogo ambao huwa hautazamwi. Rodi ya urefu wa milimita 350 ukiitupa ikiwa imebaki milimita 50, umetupa sehemu moja ya saba. Ganda la unga linaloizunguka rodi nalo sehemu kubwa huishia kuwa magamba unayoyagonga na kuyafagia. Ndiyo maana kuna rodi za ganda nene ambazo zimeandikwa 160%: unga wake umechanganywa na chembe za metali, hivyo chuma kinachobaki kwenye kazi ni kingi kuliko waya wa ndani peke yake. Kilo ya rodi hizo na kilo ya rodi za ganda jembamba zisilinganishwe kwa bei ya kilo.

Kwenye uchomeleaji wenyewe nitakaa kidogo, kwa sababu rodi nzuri huharibiwa hapa.

Vika ncha ikiwa mpya. Hili nililichelewa sana. Wengi tunasubiri ncha iishe ndipo tuipeleke kwa fundi, na fundi anatumia rodi ngumu za bei kubwa kujenga upya umbo lililopotea. Rodi ngumu si za kujengea. Ngozi ya kabaidi ikizidi tabaka mbili au tatu huanza kujibandua yenyewe kwa mivutano ya ndani. Kama umbo limekwisha, jenga kwanza kwa rodi yenye ukakamavu kama 7018, iliyotunzwa kavu, kisha juu yake weka ngozi ngumu. Ila uzito wa rodi za kujengea ukikaribia uzito wa ncha mpya, nunua ncha mpya.

Tabaka la kwanza huchanganyika na chuma cha chini. Kadiri unavyoongeza amperi na kuzamisha moto, ndivyo unavyoikorogea rodi yako chuma cha kawaida, kama anayeongeza maji kwenye maziwa. Ndiyo maana ugumu ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi hufikiwa tabaka la pili. Mimi nachomelea na amperi za chini kadiri rodi inavyoruhusu, tao la umeme likiwa fupi, na nauelekeza moto kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka badala ya kwenye ncha yenyewe. Kwa rodi ya milimita 3.2 mashine ndogo ya kawaida inatosha kabisa.

Utasikia mlio. Mara ya kwanza nilipovika kabaidi, ncha ikiwa inapoa juu ya meza, ilianza kulia tik, tik, na nilipoitazama ina nyufa nyembamba zilizokatiza mistari yote. Moyo ulinidunda, nikadhani nimeunguza pesa. Nyufa zile ni za kawaida kwa kabaidi. Ngozi haiwezi kunyumbuka wakati inasinyaa, kwa hiyo inajikata vipande na kupunguza mvutano. Cha kuogopa ni ufa unaozama hadi kwenye chuma cha ncha, au unaokimbia kwa urefu kando ya mstari. Huo ni mwanzo wa kubanduka.

Chuma cha ncha nacho kina tabia zake. Ncha nyingi za kisasa ni za chuma chenye boroni kidogo, kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani kikawa kigumu na kikakamavu. Joto la kuchomelea hukilainisha pale linapopita, kwa hiyo usiipike ncha nzima: weka mstari mfupi, hamia ncha nyingine, rudi baadaye. Vyuma vya kaboni nyingi, kwa upande mwingine, havipendi kushtuliwa na joto. Vinahitaji kupashwa kwanza, kama nyuzi 150 hadi 250 za Selsiasi, na kupoa taratibu ndani ya majivu au chokaa kavu. Kama hujui una kipi, gusa pembeni kwa grinda. Cheche ndefu zenye maua machache ni kaboni kidogo. Cheche zinazopasuka maua mengi kama fataki ni kaboni nyingi. Na usichomelee ncha ikiwa imefungwa kwenye mashine ukaweka klampu ya ethi, kile kibanio cha kurudishia umeme, mbali huko kwenye fremu. Umeme utapita kwenye beringi na kuziunguza, na uharibifu utauona wiki kadhaa baadaye bila kujua ulikotoka.

Halafu kuna suala la upande. Tazama meno ya mbele ya panya. Gamba gumu liko mbele tu. Nyuma ni laini. Anavyotafuna, upande wa nyuma unalika haraka, gamba la mbele linabaki limechongoka, na jino linajinoa lenyewe maisha yake yote. Jembe la plau na mabawa ya kaltiveta (mashine ya kulainisha udongo na kupalilia) yanaweza kufanya hivyohivyo ukivika upande mmoja tu. Kwenye mabawa mimi naweka ngozi nyembamba chini ya ukingo, udongo unakula chuma cha juu, na makali yanabaki. Ukivika pande zote mbili ukingo unakuwa butu kama kidole, na hutalima, utakuwa unasukuma udongo. Ncha za ripa ni tofauti kwa kuwa kazi yake ni kupasua, si kukata kwa wembe. Hizo navika uso wa mbele na kingo zake, karibu na mwisho uliochongoka.

Wala huhitaji kufunika kila mahali. Kwenye udongo laini wa mchanga, chora mistari inayokatiza mwendo wa udongo, ukiacha nafasi katikati. Udongo utajaa kwenye nafasi zile, na kuanzia hapo udongo utakuwa unasuguana na udongo wenzake badala ya chuma. Kwenye mawe geuza: mistari ifuate mwendo, ili mawe yateleze juu yake kama juu ya reli badala ya kuigonga ubavuni. Pakiwa na mchanganyiko, chora miraba. Hii peke yake ilipunguza rodi nilizotumia kuliko punguzo lolote la bei nililowahi kupata dukani.

Moshi wake usiuchukulie poa. Rodi hizi zina kromiamu nyingi, na moshi wa kuchomelea kromiamu unaweza kubeba kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwa ujumla kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2017. Chomelea mahali pa wazi, upepo ukupitie kwa ubavu uuondoe moshi usoni, na vaa kinyago cha kuchuja moshi chini ya helmeti ya kuchomelea. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Vijana wanaojifunza karakana wana miaka mingi ya kupumua mbele yao, na wao ndio mara nyingi hukosa kinyago.

Nimesema udongo wa kila mmoja ni wake, na hilo linanifunga hata mimi: nisikuambie rodi ipi ununue. Kinachowezekana ni kuuliza shamba lako mwenyewe. Inahitaji mizani ya jikoni na uvumilivu. Nunua rodi chache za kila aina, si boksi zima. Vika nusu ya ncha zako kwa rodi moja na nusu kwa nyingine, zigonge alama kwa panchi, zipime uzito na uandike. Ukizifunga, usiweke aina moja yote nyuma ya magurudumu ya trekta, kwa sababu pale udongo umekandamizwa na ncha hulika haraka kuliko za pembeni. Zipange kwa kupokezana, na baada ya hekta kadhaa zibadilishane nafasi. Mwisho zioshe vizuri, zipime tena. Gramu zilizopotea, gawanya kwa hekta.

Kwenye ripa yangu sasa hivi kuna ncha sita. Tatu zina alama moja ya panchi, ni za martensiti juu na chini. Tatu zina alama mbili: martensiti kama msingi, na juu yake mistari michache tu ya kabaidi inayofuata mwendo, mbali kabisa na mwisho uliochongoka, mahali ambapo mawe hayagongi moja kwa moja. Uzito wa kila moja nimeuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa karakana. Jumamosi nazifungua nibadilishe nafasi.